Nilisaini mgawanyo wa mali za ndoa 2021, kumbe kuna nyumba ya wapangaji Kibaha haikutajwa. Kesi inaweza kufunguliwa tena?

Mama Wawili Ukonga (mleta uzi) – 14/01/2025

Habari za usiku wakuu. Naomba mnivumilie, ni ndefu, na nimeiandika mara tatu nikafuta.

Niliolewa 2006, ndoa ya kanisani, watoto wawili. Mwenzangu alikuwa na ajira. Mimi nilianza na genge la nyanya na vitunguu, baadaye nikafungua kibanda cha chakula cha mchana, wali na maharage, samaki siku za Ijumaa. Nyumba ya Ukonga tuliijenga kidogo kidogo, nikiuza najua mfuko wa saruji unanisubiri.

Talaka ilitoka Juni 2021, mahakama ya wilaya. Suala la mali halikufika kwenye ushahidi. Wakili wake aliandaa hati ya makubaliano, hakimu akatuuliza kama tumeielewa, tukasema ndiyo, ikasajiliwa ikawa amri ya mahakama. Nyumba ya Ukonga iuzwe, yeye asilimia 60, mimi 40. Gari lake. Vyombo vya kibanda na majokofu mawili vyangu. Watoto wakae na mimi, yeye alipe ada. Sikuwa na wakili. Baraza la usuluhishi peke yake lilikuwa limenichosha miezi saba, nikaona bora nisaini nikalale.

Tarehe 23 Novemba mwaka jana, Jumamosi, nilikwenda msibani Kibaha, mama wa mwenzetu wa jumuiya. Niko jikoni namenya vitunguu na akina mama wa pale mtaani, mmoja analalamika mwenye nyumba wake kapandisha kodi, sasa atahama baada ya miaka saba. Akataja anakofanya kazi huyo mwenye nyumba. Nikamuuliza anaitwaje. Akasema jina halijui vizuri, wao humwita Baba Fulani, na hapo akamtaja mwanangu wa kwanza. Mikono ikaniishia nguvu. Nikamwomba anionyeshe namba anayotumia kodi. Namba ile naijua kwa kichwa. Ndiyo inayonitumia ada ya watoto.

Kesho yake baada ya ibada nilikwenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti ni mzee mwenye utu, akafungua daftari. Kiwanja kimeuzwa 2013. Sasa kuna vyumba sita vya wapangaji na fremu mbili za duka kwa mbele. Mnunuzi aliyeandikwa ni mdogo wake mume wangu.

Wakuu, 2013 yule shemeji alikuwa kidato cha nne. Ada yake nilikuwa nailipa mimi, kwa hela ya wali. Mtoto wa shule anayelipiwa hata kalamu alinunua kiwanja wapi?

Nimekaa na hili jambo tangu Novemba. Dada yangu ananiambia niachane nalo, nilishasaini. Mchungaji ananiambia nisamehe. Kusamehe nimesamehe. Lakini wanangu wanalala watu watatu chumba kimoja na mimi Gongo la Mboto, na vyumba sita vya jasho letu vinalipa kodi kila mwezi. Nauliza kwa anayejua: amri iliyotokana na makubaliano inaweza kufunguliwa tena?

---

Kisiki – 14/01/2025

Pole sana dada. Nitasema ninachoamini. Kesi lazima ziwe na mwisho. Ulisimama mbele ya hakimu, ukaulizwa, ukakubali. Tukiruhusu kila aliyeachika arudi miaka mitatu baadaye na mali mpya aliyoisikia jikoni msibani, hakuna talaka itakayokwisha nchi hii. Na huyo shemeji sasa ni mtu mzima, karatasi ni yake. Utampeleka mahakamani kwa kosa gani?

---

Binti wa Pangani – 14/01/2025

Kisiki, alikubali alichoonyeshwa. Ukiuziwa gunia la mchele ukakuta katikati kuna mchanga, utaambiwa ulishalipa nenda nyumbani?

---

Wakili wa Same – 15/01/2025

Dada, pole. Kabla sijakuonyesha njia, chapa hapa aya mbili za ile hati: inayoorodhesha mali, na ile ya mwishoni inayosema nani asimdai nani. Majina yafute. Na unithibitishie kwamba ilikuwa mahakama ya wilaya, si ya mwanzo. Mahakama ya mwanzo ina kanuni zake za mashauri ya madai, na ushauri ungebadilika kabisa.

---

Mama Wawili Ukonga – 15/01/2025

Ni ya wilaya, mhuri upo. Nanukuu.

Aya ya 4: "Kwamba mali zilizochumwa na wadaawa wakati wa ndoa yao ni hizi zifuatazo tu," halafu inataja nyumba, gari na vyombo.

Aya ya 9: "Kwamba baada ya mgawanyo huu hakuna mdaawa atakayekuwa na dai lolote dhidi ya mwenzake kuhusu mali za ndoa."

Hiyo ya 9 ndiyo inayoninyima usingizi.

---

Wakili wa Same – 15/01/2025

Ya 9 usiiogope kuliko inavyostahili. Soma ya 4 tena. Lile neno dogo "tu" ndilo litakalobeba kesi yako. Mwenzako hakunyamaza tu kuhusu Kibaha. Alitamka kwa maandishi, mbele ya mahakama, kwamba hakuna kingine. Kukaa kimya na kutamka uongo ni vitu viwili.

Sasa nieleze taratibu.

Amri ya makubaliano haikatiwi rufaa kama hukumu nyingine. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kifungu cha 70(3), imefunga mlango huo. Lakini amri ya namna hiyo ni mkataba uliovaa joho la mahakama, na mkataba huvunjika kwa sababu zile zile zinazovunja mkataba wowote: ulaghai, maelezo ya uongo, kuteleza kwa pande zote. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 17, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni ulaghai. Kwa hiyo anayesema "ulisaini, imekwisha" amesoma nusu ya sheria.

Mlango wa kwanza ni marejeo, yaani kuiomba mahakama ile ile iliyotoa amri iitazame upya. Amri ya XLII ya sheria hiyo ya mwenendo inaruhusu marejeo pale unapogundua jambo jipya na zito ambalo, hata ungefanya bidii inayostahili, usingeweza kulijua au kulileta wakati ule. Kila neno hapo lina kazi. Jipya. Zito. Bidii. Upande wa pili utapiga kwenye bidii: kwa nini hukuuliza 2021?

Muda wa marejeo ni siku 30 tangu amri itolewe. Wewe una miaka mitatu na zaidi. Kwa hiyo unaanza na maombi ya kuongezewa muda chini ya kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi, shauri la Lyamuya Construction la 2010 ndilo linalotajwa sana, kwamba mwombaji aeleze muda wote wa kuchelewa, asiwe mzembe, na ucheleweshaji usiwe wa kupitiliza. Lakini kifungu cha 26 cha sheria hiyo hiyo kinakusaidia: haki ikiwa imefichwa kwa ulaghai, saa huanza kuhesabu siku ulipougundua, au siku ambayo kwa bidii ya kawaida ungeugundua. Kwako ni 23 au 24 Novemba 2024. Leo ni 15 Januari. Tangu hapo, kila siku utaulizwa umeifanyia nini. Ndiyo maana nakuomba uondoke kwenye simu hii na kesho asubuhi uwe kwa wakili.

Mlango wa pili ni Sheria ya Ndoa yenyewe. Kifungu cha 114(1) kinasema mahakama inaweza kuamuru mgawanyo wa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja inapotoa talaka au baada ya kuitoa. Watu huisoma sehemu ya kwanza wakaacha "baada". Hoja inakuwa hii: Kibaha haijawahi kugawanywa, kwa hiyo hatuombi kugawa mara mbili, tunaomba kugawa kilichobaki. Watakujibu kwa kifungu cha 9 cha Sura ya 33, kwamba shauri limeshaamuliwa na kila ulichopaswa kukidai ulipaswa kukidai siku ile. Jibu lako ni kwamba mtu hawezi kupaswa kudai alichofichwa.

Ningekuwa mimi, nikiwa na aya ya 4 mkononi, ningeanza na mlango wa kwanza.

Kaka Kisiki, hoja yako ya mwisho wa kesi ni ya kweli na majaji wanaiheshimu. Ndiyo maana mlango ni mwembamba. Mwembamba, lakini haujazibwa.

---

Kisiki – 15/01/2025

Nimekuelewa mkuu. Suala la shemeji je?

---

Wakili wa Same – 15/01/2025

Shemeji lazima aunganishwe kwenye shauri. Ukiomba amri inayogusa nyumba iliyo kwa jina lake bila kumwita, hata ukishinda itatenguliwa, kwa kuwa hakusikilizwa. Jina kwenye karatasi ni mwanzo wa ushahidi, halifungi mjadala. Linaweza kupingwa kwa kuonyesha nani alitoa fedha, nani alisimamia ujenzi, nani anapokea kodi. Na kama 2013 alikuwa hajatimiza miaka 18, hakuwa na uwezo wa kufunga mkataba wa kununua kiwanja. Tafuteni tarehe yake ya kuzaliwa. Wewe uliyemlipia ada huenda bado una stakabadhi.

---

Karani Mstaafu – 16/01/2025

Nimefanya kazi za ardhi zaidi ya miaka ishirini, naomba niongezee upande wa karatasi, kwa kuwa hapa ndipo akina mama wengi wanapokwama.

Kwanza jua kama kiwanja kimepimwa. Kikiwa na hati, unalipia upekuzi rasmi kwa msajili na unapata jina la mmiliki, tarehe na kama kina rehani. Hapo unaweza pia kuweka zuio kwenye daftari la msajili kisiuzwe. Kama hakijapimwa, na nahisi hakijapimwa kwa vile umeonyeshwa daftari la mtaa, kwa msajili hutakuta chochote. Ushahidi wote uko kwenye hati ya mauziano na kwa watu walioshuhudia: muuzaji, majirani wa mipaka, mwenyekiti wa wakati ule, mjumbe. Watu hao wanazeeka na wanahama. Watafute sasa. Muuzaji muulize swali moja tu: nani alikukabidhi hela mkononi?

Usichukue daftari la mtaa wala usipige picha kwa kificho. Mwanasheria wako aandike barua rasmi kuomba nakala, mtendaji agonge mhuri. Karatasi iliyopatikana kwa heshima haina mtu wa kuibishia.

Na ardhi isiyopimwa huuzwa kwa siku moja. Mwombe wakili aombe zuio la muda pamoja na hayo maombi mengine. Nakala ya amri ipeleke serikali ya mtaa mwenyewe, upate sahihi ya kupokea.

---

Fundi Rangi – 16/01/2025

Mimi ni mwanaume na limenikuta. Nasema ili watu wasidhani ni mambo ya waume peke yao.

Tulipoachana tuligawana nyumba na pikipiki mbili. Mwaka mmoja baadaye nikajua mwenzangu alikuwa na hisa nene kwenye chama cha akiba na mikopo na kiwanja alichonunua kwa mkopo wa hapo, vyote tukiwa ndani ya ndoa. Sikwenda mahakamani. Nilikwenda kwa wazee, kwanza wa upande wangu, halafu wa kwake. Vikao, soda, ahadi. Miaka miwili ikapita. Nilipofika mahakamani hakimu alikuwa mpole, akaniuliza: tangu ulipojua hadi leo ulikuwa wapi? Nikasema kwa wazee. Akauliza tarehe za vikao. Sikuwa hata na karatasi moja. Maombi ya kuongezewa muda yakatupwa, na kuhusu ile mali yenyewe sikupata nafasi ya kusema hata neno.

Dada, ukienda kwa wazee nenda. Lakini andika tarehe, na usikae huko.

---

Mama Wawili Ukonga – 16/01/2025

Asante kaka, na pole. Leo nimekwenda kwenye kliniki ya msaada wa kisheria ya wanawake. Nimekutana na mwanasheria kijana, amenisikiliza saa nzima. Ameuliza aya ya 4 kabla sijamwonyesha. Nikalia pale pale, sikutegemea.

---

Mtanga wa Leicester – 18/01/2025

Nipo Uingereza miaka 19 na talaka yangu ilipita mahakama za huku, kwa hiyo nimelazimika kujifunza. Tarehe 14 Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ya huku ilitoa hukumu mbili siku moja, Sharland na Gohil. Wote wawili walikuwa wanawake waliosaini makubaliano.

Katika Sharland, mume alikuwa na hisa kubwa kwenye kampuni ya programu za kompyuta. Alisema mahakamani hakuna mpango wa kuipeleka kampuni kwenye soko la hisa. Mke akakubali zaidi ya pauni milioni 10 na asilimia 30 ya hisa zitakapouzwa. Muda mfupi baadaye magazeti yakaandika kwamba mpango upo, kwa thamani kubwa kuliko iliyosemwa. Mahakama za chini zikasema hata angejua, mgawo usingebadilika sana. Mahakama ya Juu ikakataa: aliyedanganya ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba uongo wake haukubadilisha kitu.

Gohil ndiyo inayonifanya nikuandikie, kwa sababu ya aya yako ya 9. Mwaka 2004 mke alikubali pauni 270,000 na gari. Kwenye amri yenyewe iliandikwa kwamba anaamini mume hajaweka wazi kila kitu, lakini anakubali ili yaishe. Soma tena: alishuku, akaandika kwamba anashuku, akasaini. Baadaye mume akafungwa kwa kutakatisha fedha za aliyekuwa gavana wa jimbo la Delta, Nigeria. Mahakama ya Juu ikasema maneno yale hayakumwokoa, kwa kuwa wajibu wa kuweka mali wazi ni wajibu kwa mahakama pia, na mke hawezi kumsamehe mtu deni analodaiwa na mahakama.

Najua hukumu za huku haziwafungi mahakimu wa nyumbani. Lakini mpe wakili wako azisome.

---

Wakili wa Same – 18/01/2025

Hazifungi, zinashawishi, na majaji wetu huzitaja. Asante. Tofauti moja tuiseme wazi: huku kwetu hakuna fomu ndefu ya kila mdaawa kuorodhesha mali zake zote kwa kiapo kabla ya makubaliano, kama ilivyo huko. Kwa sababu hiyo aya kama ile ya 4 ni muhimu mno. Kila anayesoma uzi huu akiwa njiani kusaini, adai iwemo. Mwenzako aandike kwamba hizi ndizo mali zote. Akikataa kuandika, umeshapata jibu.

---

Mwalimu wa Kilifi – 19/01/2025

Salamu kutoka Kenya. Kwetu kuna Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua katika JOO dhidi ya MBO kwamba usawa wa ibara ya 45(3) ya Katiba si kusema kila mtu achukue nusu moja kwa moja. Lazima uonyeshe mchango wako, wa pesa au wa kazi za nyumbani. Kwa hiyo dada, kufichua nyumba ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kuonyesha wewe uliingiaje katika nyumba hiyo. Umeshaifikiria hiyo?

---

Mama Wawili Ukonga – 19/01/2025

Mwalimu, swali lako limenikaa kifuani tangu asubuhi. Kuna kitu sijakisema hapa, na hata kwa mwanasheria bado.

Nilishawahi kufika pale Kibaha.

Mwaka 2015, mume aliniambia mdogo wake amepewa eneo na baba yao mkubwa na ukoo unamsaidia kujenga. Mafundi walikuwa wanakula hotelini hela inakwisha, akaniomba niwe nawapikia. Nilipika. Jumamosi tisa au kumi, sufuria mbili za wali kwenye daladala mpaka Kibaha, nikiwagawia mafundi pembeni ya msingi. Sikulipwa, nilijua nasaidia shemeji. Halafu ilipoezekwa sikuambiwa tena kwenda, nikasahau. Novemba nilipofika pale sikupatambua, pamejengwa pande zote. Juzi usiku nikiangalia picha nilizopiga, nikauona mwembe.

Sasa naogopa. Wakijua nilifika, watasema nilijua muda wote. Nikinyamaza, yeye anajua nilipika. Nifanyeje?

---

Binti wa Pangani – 19/01/2025

Dada yangu. Pole.

---

Wakili wa Same – 19/01/2025

Useme. Useme wewe, wa kwanza, kwenye hati yako ya kiapo, kabla upande wa pili haujasema.

Kwanza kwa sababu ni kweli, na unakwenda mahakamani kumlalamikia mtu aliyeficha. Ukificha na wewe, siku ya maswali wakili wake atakuuliza kuhusu zile sufuria na kila ulichosema kitaanguka.

Pili, angalia vizuri ulichokijua. Ulijua kuna nyumba inajengwa. Uliambiwa ni ya shemeji. Hukujua ni mali ya ndoa yako. Kilichofichwa ni umiliki, si tofali. Na uongo wa 2015 unaonyesha ulaghai haukuanza siku ya kusaini, ulikuwa na umri wa miaka sita.

Tatu, na hili ndilo nataka ulale nalo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Swali lilikuwa kama kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali. Mahakama ikasema ndiyo, ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo, kwa sababu za shauri lake, lakini kanuni ile imewabeba wanawake wengi baada yake. Kifungu cha 114(2) kinataja mchango wa fedha, mali au kazi. Mwalimu amekuuliza uliingiaje katika nyumba ile. Uliingia na sufuria mbili, Jumamosi tisa. Unachokiogopa ndicho kinachokuweka ndani ya ujenzi ule.

Wapo mafundi wanaokukumbuka?

---

Mama Wawili Ukonga – 20/01/2025

Nimemwambia mwanasheria. Ameandika ukurasa mzima. Hakunigombeza.

Fundi mkuu simjui jina kamili, nakumbuka tu alikuwa na kidole kilichokatika. Nitamtafuta.

---

Karani Mstaafu – 20/01/2025

Waulize wauza vifaa vya ujenzi wa barabarani pale. Fundi wa mtaa hujulikana dukani kabla hajajulikana kanisani.

---

Fundi Rangi – 02/02/2025

Mleta uzi, tupe habari. Na yule mama mpangaji, asifute meseji za kodi. Simu yake asiiuze. Kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, meseji zinapokelewa lakini wataulizia zimetoka wapi na zimetunzwaje. Aombe na taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, yenye mhuri.

---

Mama Wawili Ukonga – 27/02/2025

Wakuu, samahani kwa ukimya, mwanasheria aliniomba nisiandike mpaka maombi yapokelewe.

Maombi ya kuongezewa muda yameingia mwisho wa Januari, na zuio la muda limetolewa: nyumba isiuzwe wala kuhamishwa. Barua nimeipeleka mwenyewe serikali ya mtaa, mzee amesaini amepokea. Kuhusu zile siku tangu Novemba, nimeeleza zote. Siku za Krismasi mtoto mdogo alilazwa kwa malaria, karatasi za hospitali zipo. Siku nyingine nilikuwa natafuta nauli na ushauri, nimesema hivyo hivyo.

Kiapo kinzani kimeletwa. Mume anasema nyumba ni ya mdogo wake na kwamba mimi "nilifika eneo la ujenzi na nilifahamu." Mwanasheria alipolisoma hilo alinionyesha kiapo chetu: lilikuwa limeshasemwa, na sababu yake.

Shemeji hajaleta kiapo. Alinipigia usiku mmoja. Alisema, "Shemeji, mimi niliambiwa nisaini nikiwa na sare ya shule." Nikamwambia aliyoniambia mimi akamwambie hakimu. Akanyamaza, akakata.

---

Kisiki – 27/02/2025

Dada, mimi ndiye niliyekuambia yameisha. Nimeufuata uzi huu tangu siku ile na nimebadili mawazo. Mungu akusimamie.

---

Mama Wawili Ukonga – 19/05/2025

Tumeongezewa muda. Uamuzi umesomwa kwa Kiswahili, nimeuelewa wote bila kutafsiriwa. Mahakama imesema muda haukuweza kuanza kuhesabika dhidi ya mtu aliyeambiwa nyumba ni ya mwingine, na kwamba siku tangu Novemba zimeelezwa. Haijasema nyumba ni ya nani. Hilo ni la marejeo yenyewe, na mwanasheria amenionya nisihesabu vyumba.

Marejeo yatasikilizwa Jumatano tarehe 11 Juni.

Fundi wa kidole kilichokatika amepatikana Mlandizi. Kweli, muuza nondo ndiye aliyenielekeza, ubarikiwe Karani. Nilimkuta anapiga lipu. Kabla sijajitambulisha alishuka kwenye ngazi akasema, "Mama wa wali, ulipotea wapi?" Amekubali kuapa. Anakumbuka nani alikuwa anawalipa kila Jumamosi jioni, na kiasi gani, na anasema hajawahi kumwona kijana yeyote wa shule pale.